Laptopu imefungwa kifuniko, monita ya nje inazima mchana: tatizo ni nini hasa? (Tanga)

#1 Bi_Ramani
Habari wakuu. Nachora ramani za nyumba, ofisi yangu ni chumba kimoja hapa Ngamiani. Meza ni ndogo, kwa hiyo laptopu naifunga kifuniko naiweka pembeni, halafu natumia monita ya inchi 22, kibodi na kipanya vya nje. Tangu nianze hivi shingo imepumzika na mistari midogo ya ramani naiona bila kukodoa macho. Sitaki kurudi kwenye kioo cha inchi 14.

Shida ni hii. Asubuhi kazi inakwenda vizuri. Ikifika saa saba, saa nane mchana, monita inaingia giza ghafla, sekunde mbili tatu, inarudi. Wakati mwingine hairudi mpaka nifungue kifuniko na kubonyeza kitufe cha kuwashia. Kazi naikuta kama nilivyoiacha, maana yake mashine ilikuwa imelala tu. Nikitumia laptopu ikiwa wazi sijaona hali hiyo.

Ni Windows 11, RAM ya GB 8. Monita ni ya mtumba, haina tundu la picha la HDMI kama la laptopu, kwa hiyo nimepitisha kwenye adapta ya HDMI kwenda VGA, lile tundu la picha la zamani. Je, hili ni suala la kifuniko, joto, au waya? Na ni kweli kwamba kuifunga hivi kunaharibu kioo chake?

#2 KijanaWaKange
Setingi hiyo dada. Kwenye sehemu ya kutafutia andika lid, itakuja mipangilio ya kuchagua mashine ifanye nini ukifunga kifuniko. Kuna safu mbili: ikiwa kwenye betri na ikiwa kwenye chaja. Zote mbili weka Do nothing (isifanye kitu), save, umemaliza. Uzi ufungwe.

#3 MamaWawili
Kijana, soma bandiko lote. Kama setingi ingekuwa inailaza, ingelala pale pale anapofunga kifuniko asubuhi. Yeye anasema inafanya kazi hadi saa saba.

Halafu usimwambie mtu aweke Do nothing safu zote mbili. Siku akitoka haraka, akafunga kifuniko, akaitia kwenye begi na daladala imejaa, mashine inaendelea kuchapa kazi ndani ya begi. Binamu yangu alifika Pongwe begi linatoa joto mpaka kitabu cha ndani kimepinda jalada. Kwenye chaja weka Do nothing, kwenye betri iache ilale.

#4 Fundi_Chuda
Joto. Kila mwaka kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikipiga, meza yangu inajaa laptopu zenye lalamiko hilo hilo, zimefungwa, zimelazwa juu ya kitambaa cha meza, chini hewa haipiti. Laptopu nyingi huvuta hewa kutoka upande wa chini na kuitoa ubavuni au nyuma karibu na bawaba. Zipo pia zinazopumua kidogo kupitia nafasi za kibodi. Ukifunga kifuniko ile njia ya juu imekufa, na kama tundu la kutolea limeelekea kwenye bawaba, hewa ya moto inagonga ukingo wa kioo.

Dada, laptopu umeiweka juu ya nini? Na mara ya mwisho feni kusafishwa ni lini?

#5 Bi_Ramani
Asanteni. Setingi niliziweka zamani kama MamaWawili anavyosema: kwenye chaja Do nothing, kwenye betri Sleep. Fundi, iko juu ya kitambaa cha kudarizi, na juu yake huwa naweka simu na daftari. Feni haijawahi kusafishwa tangu ije mikononi mwangu.

#6 Fundi_Chuda
Basi jibu unalo. Toa kitambaa. Iweke juu ya vibao viwili vyembamba upande wa nyuma na mbele, nafasi ya kidole ibaki chini. Kama una kishikio cha kuisimamisha wima ni vizuri zaidi, ila hakikisha tundu la kutolea hewa haliangalii mezani. Lete nikupulizie feni na kubadilisha pesti ya prosesa, pesti ikikauka inakuwa kama chokaa, haihamishi joto.

#7 Lushoto_Baridi
Huku kwetu mlimani ninatumia imefungwa mwaka mzima, haijawahi hata kupiga feni kwa nguvu. Naunga mkono hoja ya joto. Hamieni Lushoto.

#8 Pweza_Sahare
Lushoto kuna baridi lakini mtandao unapanda mlima kwa miguu. Tuache na joto letu.

#9 Mgosi_wa_Linux
Fundi nakuheshimu ila joto haliji hivyo. Prosesa ikipata moto jambo la kwanza inapunguza kasi yenyewe. Prosesa nyingi za laptopu zina kikomo karibu na nyuzi 100, na kabla ya hapo utaona mashine inakuwa nzito, kuzungusha ramani kunakwama. Ikizidi kabisa inazima moja kwa moja, na kazi ambayo hukuihifadhi inapotea. Hailali kistaarabu na kukutunzia faili. Bi Ramani kasema kazi anaikuta ilivyo. Huo ni usingizi, na usingizi una sababu iliyoandikwa ndani ya mashine.

Dada fungua Event Viewer, programu ya Windows inayoweka kumbukumbu za matukio ya mashine, ingia Windows Logs, kisha System, tafuta Kernel-Power yenye namba 42. Pale inaandika sababu ya kulala. Ukikuta Button or Lid, ama kitufe kimebonyezwa, ama kuna kitu kimeiambia mashine kwamba kifuniko kimefungwa. Ukikuta System Idle, ni muda wa kukaa bila kuguswa ndio umetimia. Kama laptopu yako ni ya zile zenye usingizi wa kisasa ambao mashine hailali yote, tafuta namba 506.

Kwenye Linux, mfumo tunaotumia wengine badala ya Windows, tunamaliza haya kwa mstari mmoja wa HandleLidSwitch=ignore ndani ya logind.conf, lakini sitaki kuharibu uzi wa watu.

#10 Pweza_Sahare
Umeshaharibu, mgosi. Hakuna uzi Tanga unaopita bila wewe kuitaja Linux.

#11 Mgosi_wa_Linux
Na nitaitaja tena kabla ya ukurasa wa pili.

#12 Tufaha_Raskazone
Kwa faida ya wenye MacBook wanaosoma: kuitumia imefungwa kunaruhusiwa na Apple wenyewe, na masharti yao yanajulikana: chaja iwe imechomekwa, monita ya nje, kibodi na kipanya vya nje. Kwa MacBook Air ya M3 iliyotoka mwaka 2024 kufunga kifuniko kuna faida ya ziada, maana ndipo unapopata kuunganisha monita mbili za nje. Ikiwa wazi inakubali moja.

Hapo mjue kwamba hadithi ya "kuifunga ni kuiua" haiwezi kuwa sheria ya laptopu zote. Mtengenezaji hawezi kukuwekea njia ya kuua bidhaa yake kisha akuandikie maelekezo.

#13 Fundi_Chuda
#12 soma na sharti lingine la hao hao Apple. Wanasema MacBook itumike mahali penye nyuzi 10 hadi 35. Chumba cha bati Ngamiani saa nane mchana mwezi wa pili, bila dari, feni inasukuma hewa ile ile, uko kwenye mpaka kabla hata hujawasha mashine. Maelekezo yao hayakuandikiwa bati.

Na suala la kioo: vioo vyenye doa jeupe au la njano pembezoni upande wa bawaba nimevishika kwa mkono wangu, na wenyewe walikuwa watu wa kufunga. Siwezi kumwambia mteja hakuna kitu.

#14 Tufaha_Raskazone
Doa linaweza kuletwa pia na kubanwa. Watu wanafunga laptopu halafu wanaweka juu yake madaftari, printa, na mtoto wa paka. Bi Ramani kasema yeye anaweka simu na daftari. Kioo kinabanwa, mafuta ya vidole kwenye kibodi yanahamia kwenye kioo, alama zinabaki. Utajuaje lipi limeleta doa?

#15 Mwalimu_Muheza
Swali la kando wakuu. Laptopu yangu ya shuleni kioo kimepasuka, natumia TV kwa HDMI. Ikiwaka naona sawa, lakini nikitaka kuingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) TV ni giza. Nini?

#16 KijanaWaKange
Mwalimu, laptopu nyingi hatua ya mwanzo huonesha kwenye kioo chake chenyewe tu, mpaka Windows iamke. Baadhi zikifungwa kifuniko kabla ya kuwaka zinakubali kutuma picha nje. Bonyeza kitufe cha kuwashia, funga kifuniko papo hapo, uone. Windows ikishaamka, shika kitufe cha Windows na P, chagua Second screen only.

#17 Mwalimu_Muheza
Imekubali kwa kufunga. Ubarikiwe kijana.

#18 MzeeWaGati
Salaam vijana. Nimefanya kazi ya umeme miaka mingi hadi kustaafu, naomba mnisikilize. Mnahangaika na kompyuta, hamjauliza umeme. Saa saba na saa nane ndio saa ambazo feni zote, friji zote na viyoyozi vya maduka viko kazini. Volti ya nyumbani inatakiwa 230. Mwisho wa laini, nyumba zimeunganishwa kwa waya mwembamba, mchana utapima ukute imeshuka sana. Ikishuka ghafla, chaja ya laptopu inaacha kwa sekunde moja, laptopu inahamia betri, inarudi. Monita nayo inazima na kuwaka.

Sasa unganisheni na alichosema binti mwenyewe #5: kwenye betri ameweka ilale. Hapo ndipo pa kuangalia.

#19 Bi_Ramani
Shikamoo mzee. Hilo sikulifikiria kabisa. Feni ya chumba huwa inapunguza kasi mchana, naiona.

#20 MzeeWaGati
Marahaba mwanangu. Feni ikipunguza kasi bila kuguswa, umeme mdogo huo.

#21 Mgosi_wa_Linux
Shikamoo mzee. Hoja yako imekaa vizuri, ila geuza chaja usome maandishi madogo. Chaja karibu zote za laptopu zimeandikwa 100–240V. Umeme ukishuka hadi 180, chaja haijui kitu. Monita nyingi nazo ni hivyo hivyo. Feni inapungua kasi kwa sababu mota yake inategemea volti moja kwa moja, chaja haiko hivyo. Kwa hiyo umeme mdogo peke yake hauelezi.

#22 MzeeWaGati
Hujaniambia kitu kigeni. Mimi nimesema ghafla. Kushuka taratibu na kukatika kwa nukta ni mambo mawili. Soketi iliyolegea, ekstensheni ya bei rahisi yenye vitu sita, plagi inayopata moto: hapo umeme haushuki, unakatika na kurudi kabla taa haijaonesha. Ashike plagi ya ekstensheni saa nane atuambie ina joto au haina.

#23 KijanaWaKange
Mimi nina swali kwa wote. Kama inahamia betri kwa sekunde moja tu, setingi ya kifuniko inafanya kazi? Nilidhani inasikiliza kitendo cha kufunga, sio hali ya kuwa imefungwa.

#24 Mgosi_wa_Linux
Swali zuri kuliko jibu lako la #2. Kwenye MacBook inajulikana: ikiwa imefungwa ukachomoa chaja, inalala. Kwenye Windows inategemea pia programu ya mtengenezaji wa laptopu, kuna zinazobadilisha mpango mzima wa umeme ukichomoa chaja. Kilicho wazi ni kwamba muda wa kulala ukiwa kwenye betri kwa kawaida ni mfupi kuliko kwenye chaja. Mtu anayesoma ramani bila kugusa kipanya anaweza kufikiwa na huo muda.

Ndiyo maana nataka tuone namba 42 kabla hatujanunua stebilaiza.

#25 MamaWawili
Mimi nitawaletea jingine. Bi Ramani, kava ya simu yako ni ile ya kufunika yenye smaku?

#26 Bi_Ramani
Ndiyo, ya kufunika, inajifunga yenyewe.

#27 MamaWawili
Wakuu mmeona? Laptopu inajua kifuniko kimefungwa kwa smaku. Kwenye fremu ya kioo kuna smaku ndogo, kwenye mwili upande wa kibodi kuna sensa ya Hall inayoihisi. Ukipitisha smaku nyingine pale, sensa inadhani kifuniko kimetikisika. Ofisini kwetu ilikuwa bangili ya smaku ya bosi: kila akiegesha mkono wa kushoto karibu na kibodi kioo kinazima, akaita mafundi, wakabadilisha waya, hakuna. Mtu mmoja akamwambia vua bangili, ikatulia. Hata laptopu mbili zikipandana inaweza kutokea, ya juu inalazwa na smaku ya chini.

Dada anafanya kazi asubuhi simu iko mkononi anaongea na wateja. Mchana anaiweka juu ya laptopu.

#28 Pweza_Sahare
Mama umewatoa wanaume wote mstari mmoja.

#29 Fundi_Chuda
Sensa ni kweli, nimezitengeneza. Lakini kwenye chaja yeye ameweka Do nothing. Sensa ipige kelele itakavyo, mashine imeambiwa isifanye chochote. Kwa hiyo smaku inahitaji umeme ukatike kwa wakati huo huo ndio ifanye kazi? Hizo ni bahati mbili zikutane.

#30 MzeeWaGati
Mchana wa Tanga hukutana.

#31 Kaole_Bagamoyo
Naomba nichangie nikiwa Bagamoyo. Sisi na nyinyi tunakula chumvi moja. Nyumba yangu iko karibu na bahari na kila tundu la chuma linaota ukungu wa kijani. Nilikuwa na giza la sekunde mbili tatu kama la Bi Ramani, kumbe ni kichwa cha waya wa HDMI. Ukikichunguza kwa tochi, zile pini za dhahabu mbili tatu zilikuwa zimefifia na kuwa za kahawia. Mchana joto likizidi, chuma kinatanuka kidogo, mguso unapotea, picha inakata na kurudi. Nilichomoa, nikasugua kwa pamba yenye spiriti, nikaacha ikauke, giza likaisha. Baadaye nikabadilisha waya kabisa.

Dada unasema ukiitumia wazi haifanyi. Ukiitumia wazi huwa umechomeka monita?

#32 Bi_Ramani
Hapana. Nikiifungua huwa nimetoka nayo, natumia kioo chake chenyewe.

#33 Mgosi_wa_Linux
Basi kumbe hatujui kabisa kama kifuniko kinahusika! Anafananisha "imefungwa na monita" dhidi ya "wazi bila monita". Kaole umefanya kazi nzuri. Jaribio la haki: laptopu wazi, monita imechomekwa, mchana, mahali pale pale. Likitokea giza, kifuniko hakina kosa, tutazame waya, adapta, monita na umeme.

#34 Fundi_Chuda
Na ile adapta ya VGA. HDMI ni dijitali, VGA ni analogi, kwa hiyo ndani ya kile kidude kuna chipu inayogeuza, na inakula umeme mdogo inaoupata kwenye tundu la HDMI la laptopu. Zile za bei ya chini zinapata moto hadi huwezi kuzishika muda mrefu. Ikiwa imelala nyuma ya laptopu, pale pale inapotokea hewa ya moto, itakata tu. Kama monita ina DVI, tundu jingine la picha ambalo ni dijitali, tumia HDMI kwenda DVI, hapo hakuna kugeuza picha, ni waya tu.

Naona bado ni joto, ila naongeza sehemu ya pili ya kulitafuta.

#35 Lushoto_Baridi
Nilisema mimi.

#36 Msomaji_Kimya
Nimesoma tangu mwanzo, naomba niulize la betri. Watu wanaofunga laptopu na kuiacha kwenye chaja asubuhi hadi usiku, betri haifi?

#37 Fundi_Chuda
Betri ya lithiamu haipendi mambo mawili yakiwa pamoja: kujaa hadi 100 muda wote, na joto. Anayefunga anaipa yote mawili. Laptopu nyingi sasa zina mahali pa kuzuia chaji isipite asilimia 80 au 60. Kwenye ASUS na Lenovo ipo kwenye programu zao, kwenye Dell na HP utaikuta BIOS. Washa hiyo kama hutoki na laptopu.

Na hili nawaomba mlizingatie sana: ukitumia imefungwa huioni betri ikivimba. Anayeifungua kila siku ataona kipanya cha kugusa kimeinuka, kibodi imepanda katikati. Aliyefunga anashtuka siku kifuniko kinakataa kubana. Kila wiki ifungue, pitisha kiganja. Ukiona imevimba, izime, chomoa chaja, usiitoboe, usiikandamize irudi, mpelekee fundi. Nimeona mtu anaikandamiza kwa goti.

#38 Msomaji_Kimya
Shukrani fundi. Nimeenda kuiangalia sasa hivi, iko sawa.

#39 Pweza_Sahare
Nami nina langu. Kipanya changu kisicho na waya kinarukaruka tangu niifunge laptopu na kuisogeza nyuma ya monita. Betri ya kipanya mpya.

#40 Mgosi_wa_Linux
Kile kipokezi chake kidogo umekichomeka karibu na diski ya nje ya USB 3? USB 3 ikifanya kazi inatoa kelele ya redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, ndiyo masafa ya kipanya chako. Kisogeze kwa waya mfupi wa USB kije mbele ya monita. Na ukiona Wi-Fi imedhoofu, jua kwamba laptopu nyingi antena zake ziko kwenye fremu ya kioo, ukifunga na kuificha nyuma ya monita umeziziba.

#41 Pweza_Sahare
Imetulia mgosi. Nimekusamehe Linux zote. Kesho uwanjani Mkwakwani, timu yetu Coastal wakishinda soda yangu.

#42 KijanaWaKange
Coastal na soda zote mbili ni ahadi za kusubiri.

#43 Bi_Ramani
Wakuu nimerudi na majibu. Kitambaa nimetoa, laptopu iko juu ya vibao. Simu nimeihamishia kwenye rafu. Nimeangalia Event Viewer kama mgosi alivyosema. Namba 42 zipo kadhaa, na sababu nyingi ni Button or Lid, zote mchana. Lakini yale magiza mafupi ya sekunde mbili tatu, nikilinganisha na saa niliyoiandika pembeni, hayana namba 42 yoyote. Leo kuanzia saa sita nimefanya kazi kifuniko kikiwa wazi na monita imechomekwa. Giza fupi limetokea. Kulala hakujatokea.

Plagi ya ekstensheni nimeishika saa nane. Ina uvuguvugu. Adapta ya VGA ndiyo ya moto hasa.

#44 Mgosi_wa_Linux
Safi sana. Hapo yako matatizo mawili tuliyokuwa tunayaita moja. Giza fupi halihusiani na kifuniko, hilo ni la adapta, waya au monita. Kulala ndiko kwenye kifuniko.

#45 MamaWawili
Na Button or Lid ni smaku. Nimemaliza.

#46 MzeeWaGati
Hujamaliza mwanangu. Kwenye chaja imeambiwa isifanye kitu, sasa imelala kwa kifuniko. Maana yake wakati huo ilijiona iko kwenye betri. Nani kaitoa kwenye chaja? Uvuguvugu wa plagi hiyo ni mguso mbovu. Na huo mguso mbovu ndio unaozima na monita, kwa hiyo mimi bado naliona tatizo ni moja.

#47 Fundi_Chuda
Mzee wangu, na giza la leo? Kama umeme ulikatika, laptopu ingeonesha imehama betri. Dada, uliona alama ya chaja ikibadilika?

#48 Bi_Ramani
Nilikuwa nimekazia macho monita, sikuitazama.

#49 Tufaha_Raskazone
Kuna uwezekano mwingine hamjautaja: kichwa cha chaja kwenye laptopu yenyewe. Anaiegesha pembeni, waya umekunjika, kichwa kinalegea. Umeme wa ukutani unaweza kuwa mzima na laptopu ikajiona iko kwenye betri. Kitikisike kidogo huku unaangalia alama.

#50 Kaole_Bagamoyo
Na chumvi inaingia humo pia. Mulika kwa tochi.

#51 Fundi_Chuda
Nikimpa adapta nyingine ya DVI kesho tutajua la giza. La kulala namwachia mzee na mama, wapige kura.

#52 MamaWawili
Simu ibaki kwenye rafu siku kadhaa tuone kama itapata Button or Lid nyingine. Ikipata, nitakubali ya mzee nusu.

#53 MzeeWaGati
Mimi nina mita ya kupimia na hata stebilaiza ya kuazima. Binti, kesho baada ya swala ya Ijumaa nitapita Ngamiani, niko Barabara ya 8 kwa mdogo wangu. Tutapima soketi ikiwa tupu, halafu ikiwa na mzigo wote, saa nane hiyo hiyo. Ekstensheni usiichomoe kabla sijafika, nataka kuikuta ilivyo.

#54 Bi_Ramani
Karibu sana mzee, nitakuwepo. Fundi, na wewe pitia na hiyo adapta wakati huo huo.

#55 Fundi_Chuda
Saa nane kasoro nitakuwa hapo. Nitakuja na brashi ya feni pia.